Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu: ule mstari wa "presha ya kichwani" utolewe kwenye chati

Kwa:
Mganga Mfawidhi,
Mkuu wa Idara ya Wagonjwa Mahututi,
Wajumbe wa Bodi ya Hospitali.

YAH: NAMBA YA KUKADIRIA KUANDIKWA KAMA NAMBA ILIYOPIMWA

Waheshimiwa, shikamooni na poleni na majukumu.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi wa ICU kwenye hospitali yenu, jina la hospitali silitaji na ya wagonjwa ndo kabisa, mnaohusika mtajijua tu na wengine someni maana nina wasiwasi haya mambo ya kukadiria presha ya kichwani kwa fomula na kuiandika kama imepimwa hayapo kwetu peke yetu. Nimekuja hadharani sababu ndani nimeshaongea mpaka basi. Nilisema kwenye ripoti ya asubuhi nikaambiwa niandike, nikaandika, barua ikapita kwa metroni ikapanda juu na huko juu ikalala. Nilipofuatilia nikajibiwa hayo ni mambo ya madaktari, muuguzi afanye ya uuguzi. Sawa, lakini anayekesha na mgonjwa na kumulika macho yake kwa tochi kila saa ni mimi, na anayeulizwa na ndugu asubuhi pale getini "si mlisema presha yake ya kichwa iko kawaida?" ni mimi pia.

Kwa wasioijua hii ishu nieleze kidogo. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani kuna ubongo, damu na maji ya ubongo, kimoja kikiongezeka lazima vingine vipungue, hili walishalieleza Waskoti wawili zamani sana, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824. Nafasi ikiisha presha inapaa, damu inashindwa kupanda kwenye ubongo, na mwisho ubongo unasukumwa kuelekea lile tundu la chini ya fuvu na mtu anaacha kupumua. Mtu mzima aliyelala presha yake ya kichwani inakuwa kama 7 mpaka 15 mmHg (milimita za zebaki, kipimo kile kile cha presha ya damu), na mwongozo wa 2016 wa Brain Trauma Foundation, taasisi ya Marekani ya mambo ya kuumia ubongo, unasema kwa aliyeumia kichwa ikizidi 22 itibiwe. Kuipima kwa uhakika ni mpaka utoboe fuvu upitishe katheta, yaani mrija mwembamba, hadi kwenye ventrikali, kile chumba cha maji ndani ya ubongo, kazi ambayo daktari Nils Lundberg wa Sweden aliieleza kwa kirefu mwaka 1960, na mpaka leo vipimo vingine vyote vinalinganishwa na hicho. Sisi hatuna hicho kitu wala hatuna bingwa wa upasuaji wa ubongo. Sijaja kulalamikia hilo.

Tulichonacho ni altrasaundi. Unaweka probu, kile kishikio cha mashine kinachogusa ngozi, juu ya kope iliyofungwa, unaitafuta neva ya jicho, halafu unapima upana wa ganda lake milimita 3 nyuma ya jicho. Lile ganda ni mwendelezo wa utando unaozunguka ubongo na maji ya ubongo yanaingia mpaka humo, kwa hiyo presha ikipanda kichwani ganda linatanuka. Ni kitu cha kweli, nakikubali, kinachukua dakika chache, hakitoboi na hakina mionzi, na kuna wagonjwa kimewaokoa hapa hapa kwetu sababu tuliona ganda nene tukakimbia nao. Sasa shida ikaanza siku ilipobandikwa fomula ukutani na chati ikaongezwa mstari unaosomeka "Presha ya kichwani (mmHg)". Tangu hapo anayekabidhi zamu hasemi tena "ganda lina milimita kadhaa", anasema "presha yake 14, yuko poa", na ikishaandikwa 14 basi CT scan (picha ya ndani ya kichwa) inasubiri, rufaa inasubiri, ambulensi inaenda kufanya kazi nyingine.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fomula inapingana na bango lililobandikwa pembeni yake.

Naomba mnisaidie kupiga hesabu. Fomula yetu inasema chukua milimita za ganda, zidisha kwa 5, toa 13.92, unapata mmHg. Bango la pembeni, ambalo ni la siku nyingi kuliko fomula, linasema mtu mzima akizidi milimita 5 mshuku presha. Haya, aje mgonjwa mwenye 6.2. Kwa bango huyu ni wa kukimbiza. Kwa fomula: 31 toa 13.92, inabaki 17 na point kidogo, yaani chini ya 22, kwenye chati anaonekana hana tatizo. Ili fomula ikupe 22 ganda linatakiwa lifike karibu milimita 7.2! Nani kati yetu anaziona 7.2 kila wiki? Kwa maana nyingine ni kama tumeweka king'ora ambacho hakilii mpaka nyumba iwe imeshaungua, na tunakaa pale tukijipongeza kwamba wagonjwa wetu wengi wapo "kawaida".

Na wala sio kwamba aliyeitengeneza fomula ni mjinga. Hizi fomula zinapatikana kwa kuchora mstari katikati ya vidoti vya wagonjwa waliopimwa njia zote mbili, kutoboa na altrasaundi. Mstari unapita katikati ila vidoti vyenyewe vimetawanyika juu na chini yake, na wewe unapokuwa na mgonjwa mmoja mbele yako huwezi kujua yeye ni kidoti kipi. Mtafiti anayeangalia kundi zima anapata kitu cha maana. Mimi nina kitanda namba tatu.

2. Hakuna anayeandika pengo la makosa.

Mashine za kutoboa zenyewe, pamoja na kwamba zinakaa ndani ya kichwa, Wamarekani waliziwekea kiwango: kati ya 0 na 20 zisikosee zaidi ya 2 mmHg, na juu ya hapo zisikosee zaidi ya asilimia 10. Hiki tunachofanya sisi kwa macho na rula ya kwenye skrini, na hata wale wanaotumia dopla (altrasaundi ya kupima mwendo wa damu) ya mishipa ya kichwani, tafiti nyingi zinatoa pengo linalofika 10 mmHg huku na huku na nyingine zaidi ya hapo. Chukua ile 14 ya kwenye chati uipe pengo lake: inaweza kuwa 4, inaweza kuwa 24. Wa 4 namwacha alale. Wa 24 namwinua kichwa cha kitanda, namwita daktari wa zamu, tunaandaa manitoli, dawa ya dripu ya kushusha presha ya kichwani, na tunapiga simu ya rufaa. Namba moja inaniambia vitu viwili vilivyo mbali kabisa na mimi natakiwa niiandike kwa peni ya bluu kama vile nimesoma joto kwenye themomita.

3. Namba ndogo inatumika kumnyima mgonjwa kitu.

Hapa ndo roho inaniuma na hapa ndo nitakaa kidogo. Aliletwa kijana wa bodaboda (tunawapata wengi mno, mnajua), ameanguka bila helmeti, anafungua macho ukimwita, anaongea maneno yasiyoeleweka. Akapimwa jicho, fomula ikatoa namba nzuri, ikaandikwa. Ndugu walikuwa wanahangaika na hela ya CT scan, yetu imekufa na ya karibu ni ya binafsi mjini, wakaambiwa wasijisumbue kwanza presha ya kichwani ipo sawa. Usiku fahamu zikawa zinashuka, nikaandika, nikaita, nikajibiwa angalia namba yake. Kuna muda mboni ya upande mmoja ikatanuka ikaacha kuitikia mwanga. Ndo rufaa ikapatikana, fasta, na ambulensi ikawepo.

Sisemi altrasaundi ndo ilimuumiza. Nasema kuna watu wazima wenye akili walikuwa wanamwona mgonjwa anabadilika na wakaamini karatasi. Isitoshe ni kipimo cha mara moja. Damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu inaweza kukukuta saa mbili usiku uko vizuri na saa nane uko hoi, namba ya saa mbili haina cha kusema kuhusu saa nane. Na kinyume chake pia kipo, ganda likishatanuka sana linaweza kuchelewa kurudi hata kama presha imeshuka, kwa hiyo na ile namba kubwa nayo sio ya kuifuata kama kipofu. Ila kati ya makosa hayo mawili moja linagharimu safari ya bure ya ambulensi na lingine linagharimu mtu.

Tena tukisubiri zile dalili za kwenye kitabu, presha ya damu kupanda huku mapigo ya moyo yanashuka na pumzi inavurugika, hizo ni dalili za mwisho mwisho.

4. Kila mtu anapima kivyake.

Mwingine anaweka alama ukingo wa ndani wa ganda mwingine ukingo wa nje, na hii sio yetu tu, ni moja ya sababu tafiti zenyewe zinatofautiana, huyu anasema mpaka ni 4.8 yule anasema karibu 6. Mwingine anapima jicho moja anasepa. Kuna anayekandamiza probu. Kuna siku ile probu bapa ya kuonea vitu vya juu juu imeazimwa wodi nyingine, mtu anatumia ya tumbo, ambayo kwa jicho haifai kabisa picha inakuwa ukungu mtupu. Na mashine yetu sijawahi kuona mtu akiiweka kwenye seti ya jicho, wakati inajulikana kwa jicho nguvu ya mawimbi inatakiwa ishushwe sana, ile "mechanical index" (MI) inayoonekana kwenye skrini, namba ya kuonyesha nguvu hiyo, isizidi 0.23. Mafunzo tuliyopewa yalikuwa mchana mmoja na chai. Jicho lililopasuka halitakiwi kuguswa na probu, hili nalo halijaandikwa popote pale ukutani.

5. Wodi ya watoto wameanza kuiga.

Nimeikuta fomula ile ile ya watu wazima imepigwa picha inazunguka kwenye grupu la wodi ya watoto. Jamani. Mpaka wa mtoto ni mwingine, unaotumika sana ni milimita 4 kwa aliye chini ya mwaka na 4.5 kwa aliyevuka mwaka. Na watoto wetu wanaoingia na degedege na malaria kali ndo hasa wa kuogopea. Pale Kilifi tangu 1991 kina Charles Newton walishaonyesha kwamba watoto wenye malaria ya kichwani presha ya maji ya mgongo (ndo yale yale yanayozunguka ubongo) inakuwa juu. Blantyre, Malawi, wakaja kuwapiga picha za ubongo kwa MRI, majibu yakatoka 2015: watoto 168, waliofariki 25, na kati ya hao 25, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya, wakati kwa waliopona 143 waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo ni 39. Ubongo kuvimba ndo unaoua. Halafu sisi tunaenda kumpima mtoto wa miaka miwili kwa hesabu ya baba yake.

Najua mtakayojibu, mengine nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema tafiti zinaonyesha kipimo cha jicho "kinaendana" na presha ya kweli. Ni kweli vinaendana, kikipanda hiki na kile kinapanda. Ila kuendana sio kulingana, na hii hoja ni ya siku nyingi, Martin Bland na Douglas Altman waliiandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1986 na madaktari mliosoma takwimu mmekutana nao. Vipimo viwili vinaweza kupanda na kushuka pamoja maisha yote na kimoja kikawa kinadanganya kwa 8 kila siku. Ukitaka kujua kama kimoja kinaweza kukaa kwenye nafasi ya kingine unaangalia tofauti zao kwa mgonjwa mmoja mmoja, na ukiangalia hivyo ndo unakutana na lile pengo la kwenye namba 2.

Mtasema hata kutoboa kwenyewe hakujaonyesha faida. Hapa kuna daktari alinitajia ule utafiti wa Bolivia na Ecuador, uliotoka 2012, wagonjwa 324, nusu wakaongozwa na kipimo cha kutoboa na nusu wakaongozwa na CT scan na uchunguzi wa kitandani, na mwisho wa siku makundi hayakupishana kwa maana. Nashukuru sana kwamba umetajwa, maana unanisaidia mimi. Lile kundi la pili halikuongozwa na fomula ya ukutani! Walipigwa CT scan zaidi ya mara moja, waliangaliwa mboni na fahamu kila wakati, na walitibiwa kwa utaratibu ulioandikwa. Yaani kinachotufaa sisi tusio na katheta ni kumwangalia mtu, na hicho ndo mstari wa chati umekuja kukipunguza.

Mtasema kuna mashine mpya zinakuja. Nimesikia bodi imetembelewa na mtu wa mauzo. Mimi sina neno na mashine. Kuna ile iliyotoka Brazil kwa mwanafizikia Sérgio Mascarenhas, aliyeumwa mwenyewe maji kichwani akaona haiingii akilini kwamba lazima mtu atobolewe ndo apimwe, akatengeneza sensa inayokaa juu ya ngozi ya kichwa inasoma fuvu linavyocheza kidogo sana kwa kila pigo la moyo. Kazi nzuri sana. Lakini kinachotoka pale ni umbo la wimbi, kilele cha kwanza na cha pili kipi kirefu, haitoi mmHg. Sasa tukiinunua kwa mamilioni halafu tukaja nayo kwenye chati yenye mstari wa mmHg, najua kabisa kitakachofuata, mtu ataitafutia fomula.

Na mtasema rufaa ni gharama, tukipeleka kila aliyeumia kichwa mafuta yataisha na huko tunakowapeleka watalalamika tunawajazia. Hili ndo jibu pekee ninaloliheshimu sababu ni la kweli. Lakini basi tuseme hivyo. Tuandike kwenye faili "hajapelekwa sababu hakuna mafuta", ndugu ajue aende kukopa au aende ustawi wa jamii dirisha la msamaha akahangaike. Kumwambia "presha iko kawaida" wakati hatujaipima ni kumwondolea nafasi ya kuhangaika.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Ule mstari wa mmHg utolewe kwenye chati na fomula itolewe ukutani, mahali pake paandikwe milimita za jicho la kulia na la kushoto, saa, na jina la aliyepima. Itoke waraka wa ndani wenye sahihi ya Mganga Mfawidhi, useme wazi kwamba ganda nene ni sababu ya kuchukua hatua na ganda jembamba sio sababu ya kuacha hatua yoyote, wala lisitajwe kama kigezo kwenye fomu ya rufaa au ya CT scan. Fahamu na mboni zirudi kuandikwa kila saa kwa aliyeumia kichwa, na muuguzi akiripoti fahamu zimeshuka daktari aje kitandani asijibu kwa simu.

Halafu tufundishwe. Sio semina ya hotelini, naomba yule mtaalamu wa mionzi aliyepo hapa hapa atukalishe na mashine, tukubaliane alama inawekwa ukingo gani, na kwa muda fulani kila mgonjwa apimwe na watu wawili bila kuonyeshana majibu tuone tunapishana kiasi gani sisi kwa sisi. Kila atakayepata CT scan, milimita zake ziwekwe pembeni ya ripoti ya CT. Kwa watoto, fomula ifutwe kwenye lile grupu leo, hili halihitaji kikao.

Ombi la mwisho ndo gumu. Mafaili ya walioumia kichwa ambao rufaa au CT scan yao ilicheleweshwa kwa kutajwa hiyo namba yapitiwe na kamati ya ubora, akiwepo daktari kutoka nje ya hospitali yetu, na ndugu wa wagonjwa hao waitwe waelezwe kilichotokea. Najua kuna watu wanaogopa hapo. Mimi mwenyewe sahihi yangu ipo kwenye baadhi ya hizo chati na nipo tayari kuitwa.

Sijaandika hii kumchafua mtu. Daktari aliyeleta altrasaundi ya jicho ICU namheshimu sana, alituletea kitu tulichokuwa hatuna, na nina uhakika hata yeye fomula ile ingemshtua kama angepata muda wa kukaa akaipigia hesabu pale na lile bango. Naomba hoja hizi ziwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha uendeshaji na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku aruhusiwe kuingia kuzieleza, sio lazima niwe mimi. Mkijibu kwa maandishi jibu libandikwe ubao wa matangazo wa wafanyakazi, na mimi nitaliweka hapa hapa neno kwa neno.

Wenu katika kazi,
Muuguzi, ICU, zamu ya usiku.

Nakala: Metroni, Kamati ya Ubora, Wodi ya Watoto.